Siyo Huyu

Ukitaka kugombana na Edina, ilitosha kusema neno moja mbele ya mtoto: kupasuliwa. Alikuwa mhudumu wa kawaida katika hospitali yetu hapa Mpanda, mtu wa kubadilisha mashuka na kusukuma machela, hana cheo, hana cheti cha kutundika ukutani. Lakini daktari akipita wodi ya watoto na kusema, "Huyu anapasuliwa kesho," Edina alikuwa anamfuata mpaka mlangoni na kumsahihisha. Nimemwona akimsahihisha daktari bingwa. Nimemwona akimsahihisha padri aliyekuja kuwaombea wagonjwa.

"Sema atatengenezwa," alikuwa anawaambia. "Au sema daktari atafungua, atarekebisha, atafunga. Hapa hakuna gogo."

Mimi ni Nathanael, muuguzi wa usingizi. Kwa miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kuwalaza watu kabla ya upasuaji na kuhakikisha wanaamka, na naweza kusema bila majivuno kwamba walio wengi waliamka. Sikuwa mtu mpole. Niliamini kwamba mtoto anayelia ana mapafu mazima, na mapafu mazima ndiyo niliyoyahitaji. Kwa hiyo Edina alipoanza mambo yake ya maneno nilimbandika jina, nikawa namwita Msemaji wa Serikali, na wodi nzima ikalidaka. Hakukasirika. Alikuwa anaitika na kuendelea kukunja mashuka.

Lugha yetu, ukiisikiliza kwa masikio ya mtoto wa miaka mitano, inatisha. Ukifika hospitali kila kitu ni kupigwa. Unapigwa sindano, unapigwa picha, unapigwa nusu kaputi, halafu unapigwa kisu. Sisi wakubwa tunayasema hayo huku tunakunywa chai. Edina aliniambia hivyo siku moja nikiwa na kikombe mkononi, nikacheka. Wiki hiyohiyo wakaleta mtoto wa wafugaji kutoka upande wa Kakese, jina lake Malale, mwenye shida ya mguu. Hakusema na mtu. Alikaa kitandani anajishika mara kichwa, mara tumbo. Edina alikaa naye karibu asubuhi nzima, na mwishowe mtoto akamnong'oneza kilichokuwa kinamsumbua. Alisikia kwamba atapigwa nusu kaputi, na kwao kitu kilichokufa kabisa, iwe pikipiki au ng'ombe, husemwa kimekuwa kaputi. Sasa alitaka kujua ni nusu ipi ya mwili wake itakayokufa, ya juu au ya chini.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza. Sikucheka mbele yake. Nilicheka nilipofika nyumbani, halafu nikashindwa kumaliza chakula.

Lakini Edina hakuanzia kwenye nusu kaputi. Alianzia kwenye kupasua, na hapo mimi nahusika, kwa hiyo sitazunguka.

Mwaka 1999 Edina alikuwa mke wa Obadia, mpasua mbao. Wote wawili walikuwa Wapimbwe wa Usevya, lakini Obadia alikuwa akiifuata miti ilipo, na mwaka ule waliishi kambini katika msitu wa upande wa Inyonga. Gogo la mninga lilikuwa linapandishwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu yake na mwingine anaingia shimoni, wanavuta msumeno mrefu juu na chini mpaka gogo linakuwa vipande. Mtoto wao Yotham, wa miaka mitano, alikuwa anashinda hapo akicheza na unga wa mbao. Kwake yeye kupasua kulikuwa na maana moja tu, na alikuwa ameiona kila siku tangu ajue kutembea.

Yotham alikuwa mtoto wa maswali. Edina alinisimulia jinsi alivyokuwa anamchosha. Kwa nini nyuki hawazami kwenye asali. Kwa nini mbwa hana jina la baba yake. Mvua ikiisha huko juu, nani anaijaza tena. Na alikuwa anamwuliza mama yake tu. Baba akimjibu jambo, mtoto alikwenda kwa mama kuhakikisha kama ni kweli.

Akapata ngiri. Walipoambiwa kwamba lazima afanyiwe upasuaji, Edina aliogopa kwamba mtoto akijua atakimbilia porini, na pori la kule si la kukimbiliwa na mtoto. Akamwambia wanakwenda Mpanda kununua raba. Nyekundu, akamwambia, za kufunga kwa kamba. Mtoto akapanda lori la mbao akiimba.

Asubuhi ya siku yake nilikuwa zamu. Nilikwenda wodini na vijana watatu kumchukua. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda, tukambandua vidole kimoja kimoja. Alikuwa anapiga kelele, na mimi maneno yake sikuyasikiliza, kwa sababu niliamini kwamba mtoto anayebebwa kwenda thieta hana la kusema, analia tu. Macho yake yalikuwa kwa mama yake. Edina alisimama ukutani, khanga ameing'ata mdomoni. Tulimshika watu wanne, nikamchoma sindano ya usingizi pajani, na ngiri ikatengenezwa vizuri kabisa. Daktari aliusifia mshono wake mwenyewe.

Alipoamka, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufunua shuka na kujiangalia. Akagusa mguu wa kulia, akagusa wa kushoto, akajipapasa kuanzia kifuani kwenda chini. Nilidhani dawa bado inamchezea kichwani. Edina, mke wa mpasua mbao, ndiye aliyeelewa: mtoto alikuwa anatafuta amegawanywa vipande vingapi. Akamwambia, "Uko mzima, mwanangu." Yotham akaendelea kujipapasa.

Na hakumwuliza mama yake kitu tena. Nataka nieleweke hapa, simaanishi siku ile au wiki ile. Namaanisha miaka. Alimwamkia, alimtii, akitumwa maji alikwenda. Akiwa na njaa alikaa kimya mpaka chakula kiive. Akitaka kujua jambo alimwuliza baba yake, au jirani, au mwalimu. Edina alijaribu hata hila: alikuwa anaanza kumsimulia kisa na kukiacha katikati, ili mtoto aulize, halafu ikawaje? Mtoto alikuwa anasubiri kidogo, akiona hakimaliziki anaondoka.

Raba alimnunulia siku ileile waliyotoka hospitali, nyekundu, za kamba, kama alivyosema. Na kila mwaka aliendelea kumnunulia, mpaka miguu ya Yotham ikafika namba arobaini na mbili. Yotham alikuwa anapokea kwa mikono miwili, anashukuru vizuri, na baada ya wiki moja Edina anaziona raba zile miguuni mwa mtu mwingine.

Yotham alikuwa na miaka kumi Obadia alipofariki. Edina akahamia mjini, Kawajense, akaja kuomba kazi hospitalini kwetu. Mji huu una kazi nyingi za mwanamke asiye na cheti, angeweza kuuza nyanya, angeweza kuwa mama ntilie, lakini alikuja palepale. Nilimtambua siku ya kwanza. Yeye alikuwa ameshanitambua kabla sijafungua mdomo, na alichosema ni, "Wewe ndiye uliyemshika kichwa." Hakusema kwa ugomvi. Hata hivyo nilimkwepa mwezi mzima.

Yotham alipofika kidato cha pili aliacha shule akaenda ziwani, Ikola, akajifunza ufundi wa injini za boti. Alikuwa anakuja Krismasi na migebuka mikavu, samaki wa huko, anakaa kwenye kiti, anasema kwetu wote wazima, na kesho yake anaondoka. Sisi kazini tulimwita mama yake Mama Yotham, kama ilivyo desturi, naye aliniita mimi Baba Aneth, na kila nilipomwita hivyo nilijisikia vibaya. Siku moja nilimwuliza ni nini hasa anachokitaka kwa yule kijana. Nilidhani atasema msamaha.

"Nataka aniulize kitu, Baba Aneth," alisema. "Chochote."

Basi yote aliyoyafanya kwa watoto wa watu, aliyafanya kwa ajili ya mmoja. Siku moja kabla ya upasuaji alikuwa anamchukua mtoto kwa mkono, anamleta mpaka chumba cha maandalizi, anamwonyesha taa, anamwonyesha kofia zetu, anampa barakoa ya usingizi aishike na kuinusa. Halafu anamwambia amvalishe babu Nathanael. Nimevalishwa barakoa na watoto wasiopungua mia tatu, nikajilaza kwenye machela na kukoroma, mtu mzima mwenye wajukuu. Mwanzoni nilifanya kwa sababu alikuwa haondoki mpaka nikubali.

Mtoto akimwuliza kama itauma, alisema ndiyo, itauma ukishaamka, itauma hapa, na itakapouma utaniambia mimi. Wazazi hawakumpenda kwa hilo. Baba mmoja alimfokea kwamba nyie ndio mnaowatia watoto woga. Edina akamwambia woga anao tayari, kaka, umemletea mwenyewe kwa kumficha. Kisha mtoto akitoka thieta, Edina alikuwa hapo kwenye kiti, anamfunulia shuka kabla hajaomba, ili ajione na kujihesabu mwenyewe.

Nikaanza kuona kwamba watoto waliopita mikononi mwake wanalala kwa dawa kidogo, na wanaamka bila kung'oa dripu. Kwenye fomu niliandika "mtoto ametulia." Nani aliyemtuliza sikuandika, fomu haina nafasi hiyo. Ningeweza kuandika pembeni, na sikuandika.

Na kila mtoto alipotoka salama, Edina alikuwa ananiambia jambo lilelile. "Ningemwambia tu ukweli kuhusu zile raba." Kwa miaka yote hiyo aliamini kosa lake ni raba.

Mwaka 2023 madaktari bingwa walikuja hospitalini kwetu kwa wiki moja kutibu makovu ya moto na viungo vilivyopinda. Watu walitoka mpaka vijiji vya ziwani. Siku ya pili nilimwona Yotham kwenye foleni, kofia mkononi, na mtoto wa kike wa miaka sita amekaa miguuni pake. Mtoto huyo, Lucia, alishika kikaango cha mafuta ya moto akiwa mdogo, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana na kiganja. Yotham alikuwa hajamwambia mama yake kwamba anakuja. Edina aliwakuta hapo akipita na ndoo.

"Shikamoo mama," alisema Yotham.

"Marahaba, mwanangu." Akamwangalia mjukuu wake, ambaye alikuwa amemwona mara mbili tu maishani. Akauliza kwa sauti ya chini, "Umemwambia nini huyu?"

"Nimemwambia tunakuja kumsalimia bibi."

Edina aliweka ndoo chini. Baadaye aliniambia kwamba hajawahi kuona haya kama siku ile, maana safari hii raba zilikuwa yeye mwenyewe.

Akachuchumaa mbele ya mtoto. "Lucia, baba yako hajakosea. Umekuja kunisalimia na umeshanisalimia. Ila kuna jambo la pili, nalo ni la huu mkono. Daktari anataka kuvifungua hivi vidole vinyooke."

"Kwa kisu?" aliuliza Lucia.

"Kwa kisu kidogo. Utakuwa umelala kwa dawa, hutasikia."

"Watavitoa?"

"Hawavitoi. Vitabaki vyote vitano, vitafungwa na kitambaa."

"Nikiamka vitauma?"

"Vitauma. Utaniambia, na mimi nitamwita muuguzi akupe dawa."

"Utakuwepo?"

"Nitaingia na wewe mpaka ulale. Na ukifumbua macho nitakuwepo."

Lucia aliendelea kuuliza, kama wanavyouliza watoto wote wakishaona kuna mtu anayejibu. Damu inaisha? Kitambaa cha rangi gani? Babu huyu ndiye daktari? Yotham alisimama nyuma yao, mdomo wazi kidogo. Kisha akanigeukia mimi. "Nyie huwa mnawaambia hivi?"

"Mama yako ndiye anayewaambia," nikasema. "Mimi nawalaza tu."

Kesho yake asubuhi Lucia alikuwa wa tatu kwenye orodha. Wale mabingwa walikuja na wauguzi wao na mtaalamu wao wa usingizi, mimi nikawa wa kusaidia. Tulimleta mtoto kwenye machela mpaka mlango wa thieta, Edina upande mmoja amemshika mkono mzima, baba yake nyuma. Muuguzi mgeni akatoka na faili, akasoma haraka haraka, "Lucia Silvesta, mguu wa kushoto," akashika machela na kuanza kusukuma.

"Mguu?" alisema Lucia.

Edina aliweka mguu wake mbele ya gurudumu. "Siyo huyu."

"Mama, tunachelewa. Faili linasema Lucia."

"Siyo huyu," alisema tena Edina, na sauti ikajaa korido nzima, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akiipandisha. "Huyu ni Lucia Yotham, mkono wa kulia. Huingii naye humo mpaka faili lake lije."

Faili lilikuwa juu ya meza, chini ya lile jingine. Lililetwa, muuguzi akaomba radhi, akasoma jina lote na mkono, mtoto akakubali kwamba ndiye. Edina akaingia naye, nami nikawafuata. Lucia alishika barakoa mwenyewe na kuiweka usoni, akalala akiwa anamwangalia bibi yake, na mimi na Edina tukatoka.

Tulingoja zaidi ya saa nzima. Yotham alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kofia ameiweka usoni. Nilidhani ni wasiwasi wa mzazi, nikaanza kumwambia maneno yangu ya kila siku kwamba kazi itakwenda vizuri. Hakunisikia. Alitoa kofia usoni akamwangalia mama yake.

"Kumbe unaweza kusema," alisema.

"Kusema nini, mwanangu?"

"Siyo huyu."

Edina hakuelewa, na mimi sikuelewa. Yotham akaongea polepole, kama mtu aliyekwishayasema maneno hayo mara nyingi akiwa peke yake.

"Jioni ile wodini, muuguzi alipita akasema kesho wanapasua mtoto. Nikakuuliza, mama, ni mimi? Ukasema siyo wewe, ni mtoto mwingine. Nikalala vizuri. Asubuhi wakaja wakanishika mimi. Nikajua wamekosea. Nikawaambia siyo mimi, ni yule mwingine, mama anamjua. Nikakuangalia uwaambie. Ulikuwa umesimama pale ukutani. Ukanyamaza."

Hapo ndipo nami, baada ya miaka ishirini na nne, niliposikia maneno ambayo mtoto alikuwa ananipigia kelele sikioni nikiwa nambandua vidole. Alikuwa ananieleza jambo. Alikuwa na hoja kabisa, na shahidi wake alikuwa mita mbili kutoka pale.

"Raba sikuzijali," alisema Yotham. "Raba si ulininunulia."

Nilimwona Edina analitafuta neno lile kichwani mwake, na nikaona alipolipata. Uso wake ulibadilika. "Nilisema," akasema. "Nilisema hivyo. Nilitaka ulale. Nilikuwa nimesahau kwamba nilisema."

"Nilifikiri kuna mtoto umemficha mahali," Yotham akaendelea, "ukanitoa mimi badala yake. Nimekua na mawazo hayo. Nilipopata akili nikajua hayupo, lakini ilikuwa imeshaingia." Akajifuta uso kwa kofia. "Kwa nini hukuwaambia?"

Lilikuwa swali. Nafikiri sisi wote watatu tulilisikia kwamba ni swali.

"Kwa sababu hawakukosea," alisema Edina. "Alikuwa ni wewe. Hakukuwa na mwingine, Yotham, ulikuwa ni wewe tu, na mimi niliogopa kusema wakati wa kusema, halafu nikaogopa zaidi." Akamnyooshea mkono.

Mlango wa thieta ukafunguliwa. Muuguzi akasema mtoto wa mkono ameshatoka, anaanza kuamka.

Edina alimwangalia mwanawe, akauangalia mlango. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka. Mimi nilitaka kumwambia kaa hapo hapo, mama, mjukuu ataangaliwa na wengine, wewe umesubiri neno hili tangu nywele zako zikiwa nyeusi. "Nimemwahidi," alisema, akaenda.

Yotham alibaki sakafuni. Nilimwona amekaza taya, na sijui mpaka leo kama ilikuwa hasira au kitu kingine. Baada ya muda aliinuka, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha kuamkia. Edina alikuwa ameinamia kitanda, anamwonyesha Lucia bandeji na kumhesabia vidole vilivyomo ndani, na mtoto analia kwa sababu vinauma, kama alivyoambiwa.

Lucia alikaa wodini siku tano, na siku zote tano Yotham alilala kwa mama yake Kawajense. Siku ya pili Edina alichelewa kazini, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliingia chumba cha mashuka nilikokuwa natafuta shuka safi, akafunga mlango.

"Ameniuliza chumvi iko wapi," alisema.

Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa akalia, na mimi nikatoka, kwa sababu sijui kukaa na mtu mzima anayelia. Najuta kwamba nilitoka.

Sitaki kudanganya kwamba walipatana. Yotham hakuwa mtu wa kukumbatia watu, na alilolibeba tangu utoto haliwezi kutuliwa kwa siku tano. Kabla ya kurudi Ikola alimwuliza mama yake mambo mengine mawili, na Edina aliyahesabu: bandeji ibadilishwe lini, na kama mgongo bado unamsumbua. Ukiongeza la korido na la chumvi, manne. Alikuwa ananitajia moja moja, na mimi, Mungu anisamehe, nilimtania kwamba sasa atahojiwa mpaka achoke.

Madaktari walisema Lucia arudi baada ya mwaka, kidole kimoja kilikuwa hakijanyooka vizuri. Edina aliandika mwezi huo kwenye kalenda ya ukutani hapo wodini. Hakuufikia. Presha ilimwangusha nyumbani kwake mwezi Machi, asubuhi, akiwa anajiandaa kuja kazini, na majirani walipomfikisha kwetu hatukuwa na la kufanya. Mimi ndiye niliyempigia simu Yotham. Alikuja peke yake, akazika, akakaa siku tatu matangani, akaondoka na khanga mbili za mama yake.

Mwaka huo ndio niliokuwa namalizia kazi kabla ya kustaafu. Mabingwa waliporudi, Yotham naye alirudi na Lucia, ambaye sasa alikuwa amekua na meno ya mbele yameng'oka. Kwenye basi alikuwa amemwambia kila kitu yeye mwenyewe: kisu, dawa, maumivu ya baadaye, kitambaa. Nililithibitisha hilo kwa mtoto na alijua yote kwa mpangilio. Asubuhi tukamleta mpaka mlango wa thieta, muuguzi akasoma jina kamili na kidole, Lucia akasema ndiyo, ni mimi. Kisha akageuza kichwa upande huu na upande huu.

"Bibi yuko wapi?"

Yotham alikuwa hajamwambia. Kwa muda wote tangu Machi, mtoto akiuliza, alikuwa anajibu kwamba bibi yuko Mpanda, na kweli alikuwa Mpanda, makaburini. Akaniangalia mimi. Nilielewa anachoniomba, na nilikuwa nalo tayari mdomoni: bibi amesafiri, atakuja. Ni neno dogo, lingetosha kutuingiza ndani, na mtoto angelala akiwa anacheka. Nilishafungua mdomo kulisema.

Yotham akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto.

"Bibi alikufa, Lucia. Tumemzika hapa Mpanda. Nilikuficha."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

Lucia alifikiri. "Kwa hiyo nikiamka hayupo."

"Hayupo. Nitakuwepo mimi."

Mtoto akaanza kulia, kilio cha chini kisicho cha kuogopa kisu. Muuguzi akaninong'oneza tumchome kitu atulie, tuingie. Nikamwambia hapana. Yotham alimtoa kwenye machela akaketi naye sakafuni, palepale ukutani, akampakata, na yeye pia akalia, kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya kwenye mazishi. Daktari alichungulia mara mbili akiangalia saa. Nikamwambia mtoto huyu amefiwa, aanze na mgonjwa mwingine, sisi tutaingia akishamaliza kulia.